Mbwa wa familia achaguliwe kwa chanjo, si kwa manyoya

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kipya cha siku hizi katika mitaa ya mijini ni mbwa chotara waliotokana na pudo, yule mbwa wa Ulaya mwenye manyoya ya kujikunja kama sufu ya kondoo. Wauzaji wanawasifu kwamba ni wapole, wana akili, hawapukutishi manyoya, na tena hawawaletei watoto chafya wala pumu. Mzazi wa Kitale au Bungoma anayesikia sifa hizo huamini amepata mbwa asiye na kasoro.

Maoni yangu ni kwamba mzazi huyo anaanza na swali lisilofaa. Kabla ya kuuliza pudo amechanganywa na nani, aulize kama mbwa huyo amechanjwa, mama yake ana tabia gani, na ni nani atakayemtunza kwa miaka kumi au zaidi ijayo. Kwa afya ya familia, majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko rangi na urefu wa manyoya.

Hata hivyo, si haki kumkemea mnunuzi bila ya kumweleza anachouziwa. Tuwatazame machotara hawa kwanza.

NI MBWA GANI HAWA?

Labradudo ni mtoto wa labrado na pudo. Akizaliwa na pudo wa aina kubwa, anaweza kufikia kilo 30. Ana nguvu nyingi na anataka kukimbia kila siku. Mbwa huyu anafaa boma lenye uwanja na watoto waliokwisha kukomaa kidogo, kwa maana anaweza kumwangusha mtoto wa miaka mitatu kwa furaha tu. Kutoka kwa labrado anaweza kurithi ugonjwa wa nyonga. Goldendudo, ambaye mzazi wake mmoja ni goldeni retriva, hatofautiani naye sana kwa ukubwa na mahitaji.

Kokapu ni mtoto wa koka spanieli na pudo mdogo. Umbo lake dogo linafaa nyumba za mjini. Lakini masikio yake yananing'inia na yana manyoya ndani, kwa hiyo hushika unyevu na kuoza kwa urahisi yasipokaguliwa kila wiki.

Kavapu amechanganywa na kavalia, spanieli mdogo mwenye sifa ya upole. Huyu hupenda kupakatwa, na wazee humpenda. Tatizo ni kwamba kavalia wanajulikana kwa ugonjwa wa kurithi wa vali za moyo. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama moyo wa mzazi huyo umewahi kupimwa.

Kwa hiyo, ikiwa ni lazima uchague kati yao, nyumba ndogo yenye watoto wa shule ya msingi itamudu kokapu kuliko labradudo. Lakini usidanganywe kwamba uchotara peke yake ni kinga ya magonjwa. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha udaktari wa mifugo cha Royal Veterinary College, Uingereza, walilinganisha kokapu, labradudo na kavapu na mbwa wa asili halisi waliowazaa. Katika takriban asilimia 87 ya ulinganisho wa magonjwa waliofanya, hawakuona tofauti yoyote.

MZIO HAUKO KWENYE MANYOYA

Sifa inayowavuta wazazi wengi ni ile ya mzio. Ni vyema kujua ilikoanzia. Mwaka 1989 Wally Conron, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la Australia la kuwafunza mbwa wa kuwaongoza vipofu, aliombwa mbwa na mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Conron alimchanganya labrado na pudo, wakazaliwa watoto watatu. Alituma manyoya na mate ya watoto hao Hawaii yakapimwe. Kati ya watatu hao, ni mmoja tu ambaye hakumdhuru yule mume.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mama mmoja, baba mmoja, uzazi mmoja, na wawili kati ya watatu hawakufaa. Conron mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba anajutia mtindo aliouanzisha, kwa sababu watu walikimbilia kuzalisha machotara ovyo kwa ajili ya pesa.

Ukweli ni kwamba kinachomletea mtu chafya na kubanwa kifua ni protini zilizomo katika mate, ngozi na mkojo wa mbwa. Kila mbwa anazo. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2012 ulipima manyoya ya mbwa wanaosifiwa kwamba hawaleti mzio, labradudo wakiwemo, na kukuta protini kuu ya mzio kwa wingi kuliko katika mbwa wengine. Katika hewa ya nyumba walimoishi haikuonekana tofauti. Mwaka 2011 utafiti mwingine uliofanywa Detroit, Marekani, ulikuwa umefikia uamuzi kama huo kwa kupima vumbi la nyumba za watu.

Basi ikiwa mtoto wako ana pumu, usitegemee neno la muuzaji. Mwone daktari kwanza. Kisha mpeleke mtoto akae na mbwa yule yule unayetaka kumnunua, zaidi ya mara moja, kabla ya kutoa hata senti. Na mbwa akishaingia nyumbani, asilale katika chumba cha mtoto huyo.

MATOPE YA CHEPTAIS

Wenyeji wengi wa Mlima Elgon wanaofanya kazi mijini hurudi nyumbani Desemba, na mbwa wa familia huja nao. Hapo ndipo manyoya yanayosifiwa yanapokuwa mzigo. Pudo na machotara wake hawapukutishi sana kwa sababu manyoya yaliyokufa hubaki yamenaswa katika yale yaliyo hai. Yasipochanwa karibu kila siku, na kukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane, hushikana yakawa kama mkeka, na ngozi iliyo chini yake hupata vidonda.

Sasa mwache mbwa wa namna hiyo atembee siku tatu katika matope na nyasi ndefu za Cheptais. Kupe watajificha ndani ya manyoya wala hutawaona. Kupe huambukiza mbwa magonjwa ya damu yanayoweza kumuua. Kinyozi wa mbwa si mtu utakayempata sokoni huko. Ukipenda kwenda naye, mkate manyoya yawe mafupi kabla ya safari, umpake dawa ya kupe, na umpapase mwili mzima kila jioni.

Mbwa wa kienyeji aliyezaliwa huko huko mlimani ana manyoya mafupi yasiyohitaji mkasi. Si ajabu kwamba wakulima na wafugaji wa huko wametosheka naye.

HATARI ILIYO KUBWA KULIKO ZOTE

Chafya ya mtoto inasumbua, lakini kichaa cha mbwa kinaua. Dalili zikishaonekana, hakuna tiba, na karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Ulimwenguni inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka. Hapa Kenya makadirio ya serikali yalikuwa vifo vipatavyo 2,000 kwa mwaka, na mkakati ulioanzishwa mwaka 2014 umeweka shabaha ya kuumaliza ugonjwa huo miongoni mwa binadamu ifikapo 2030.

Virusi hivyo havijui pudo wala kienyeji. Chotara wa bei ya ndama asiyechanjwa akicheza jioni moja na mbwa mgonjwa anayerandaranda, anaweza kuurudisha ugonjwa nyumbani ndani ya gari la familia. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa hataweza.

Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto wa mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Cheti chake kitunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Mtoto akiumwa, au akikwaruzwa hata kidogo, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake mafuta, majivu wala majani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo aanze sindano, na aendelee mpaka amalize zote. Si kila zahanati inayo chanjo hiyo, kwa hiyo anayekaa mbali, kama Cheptais, apige simu kwanza kujua inapatikana hospitali gani. Mbwa aliyeuma, ikiwa anajulikana, afungwe na achunguzwe kwa siku kumi. Lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo umpeleke mtoto.

USITUPE MATUMBO

Jambo jingine ni minyoo. Turkana, ng'ambo ya Pokot ukitoka Kitale kuelekea kaskazini, ni miongoni mwa sehemu zilizojulikana ulimwenguni kwa uvimbe wa maji unaotokana na mnyoo wa mbwa. Mbwa huupata kwa kula matumbo, mapafu na maini mabichi yenye uvimbe huo, na binadamu huupata kwa kumeza mayai ya mnyoo yatokayo katika kinyesi cha mbwa. Basi sikukuu ikifika na mbuzi au kondoo akachinjwa, usimtupie mbwa wako matumbo mabichi. Yachemshe sana au uyafukie kwa kina. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, na watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Anayekwenda kuchukua mbwa, awe wa kununua au wa kupewa na jirani, aende na maswali haya.

Je, naweza kumwona mama yake? Mama akiwa mkali au mwoga kupita kiasi, watoto wake wanaweza kufuata njia hiyo. Muuzaji anayekuletea mtoto wa mbwa kituo cha matatu bila ya kukuonyesha anakotoka, mwepuke.

Ana umri gani? Asiachishwe mama yake kabla ya wiki nane.

Amepewa dawa gani na chanjo gani, na cheti kiko wapi? Mbali na kichaa, watoto wa mbwa hufa kwa wingi kutokana na pavo, ugonjwa wa kuhara damu ambao una chanjo.

Amezoea watu? Wiki za mwanzo, hasa kabla ya wiki ya 14, ndizo zinazomfunza mbwa kama binadamu ni rafiki au ni adui. Aliyefungiwa kibandani wakati huo ni vigumu kuwa mbwa wa watoto.

Kaunti nazo zina wajibu. Katiba ya 2010 imezikabidhi udhibiti wa wanyama pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Wataalamu wanasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa wa kichaa hukosa njia ya kuenea. Asilimia hiyo haifikiwi kwa kuchanja mbwa wa mitaa ya kifahari peke yao. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ni Septemba 28 kila mwaka, isiwe ya hotuba mjini Bungoma au Kitale tu. Chanjo ipande mpaka Cheptais, ifike siku ya soko watu wanapokusanyika, na ratiba yake itangazwe mapema makanisani na shuleni.

Nyumba njema si mlango. Mwenye uwezo wa kumtunza kokapu na amtunze, na asiye nao asione haya kumlea mbwa wa kienyeji, mradi wote wawili wapelekwe kwa daktari wa mifugo kuchanjwa.