ANAYEFUNDISHA WODINI APEWE HAKI YAKE

Ndugu wafanyi kazi,

Sheria ya Wanafiziotherapia ya 2014 yataka kila mmoja wetu awe na leseni. Vyema. Lakini wanafunzi wakiletwa wodini, nani awafundishaye kumnyosha viungo mgonjwa wa kiharusi na kumsimamisha aliyevunjika paja? Ni sisi, na foleni ya wagonjwa haipungui. Huko Marekani chama cha kazi hii huwapa wafundishaji wa wodini kozi na cheti. Na anayewafunza wafundishaji hao ni lazima awe na cheti hicho kwanza.

Nasi twataka kozi, cheti, saa za kufundisha na malipo yake. Mkufunzi wetu atoke wodini, si ofisini. Mkono usiofundishwa humwumiza mgonjwa.

Umoja ni nguvu!