Ofisi ya Kijiji ni Mlango wa Hifadhi

Wapo watumishi wa umma wanaodhani kwamba habari za wakimbizi ni za Kigoma na Kagera peke yake, na kwamba mikataba ya kimataifa ni kazi ya mabalozi. Dhana hiyo ni potofu, tena ni ya hatari.

Sheria ya Wakimbizi, Na. 9 ya mwaka 1998, inamtaka mwomba hifadhi ajitokeze katika muda usiozidi siku 7 tangu aingie nchini, mbele ya ofisa aliyeidhinishwa, ofisa mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Maana yake ni wazi. Mtu wa namna hiyo akiteremka katika stesheni ya TAZARA pale Mzenga, wilayani Kisarawe, akabisha hodi katika ofisi ya kijiji, mtendaji atakayemfungulia ndiye Tanzania nzima mbele yake.

Mtendaji huyo akimwita mhamiaji haramu kabla ya kumsikiliza, akashauri arudishwe alikotoka, hatakuwa amelinda mpaka. Atakuwa amevunja ahadi ya Taifa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha, mwili au uhuru wake utakuwa hatarini. Unatamka pia kwamba kutoa hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala si uadui kwa nchi yoyote.

Watasema wengine kwamba mzigo ni mzito. Ni kweli. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na mataifa tajiri ni mepesi wa kusifu kuliko kuchangia. Lakini Mkataba huo umeonyesha njia: nchi iliyoelemewa iyatake mataifa mengine yabebe pamoja nayo. Haukusema mzigo utupwe mtoni.

Reli ipitayo Mzenga ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kwa kuwa Tanzania na Zambia zilikataa kuwapigia magoti walowezi wa Rhodesia. Nchi iliyobeba gharama hiyo kwa ajili ya uhuru wa jirani haiwezi kushindwa kumsikiliza jirani anayekimbia kifo.

Basi mtendaji na aisome sheria hiyo, na mwalimu aifundishe. Mkimbizi abishaye hodi haombi fadhila. Anadai haki ya kusikilizwa.