Gitaa la mkono: mbao na bati vinatoka Kongo, bei inatengenezwa London

Mpiga gitaa wa Alunguli akitaka kuuza gitaa la umeme lililotengenezwa kwa mkono, kazi ya kwanza ni kuvuka mto. Hakuna daraja kati ya mtaa huo na sehemu nyingine za mji wa Kindu, kwa hiyo gitaa linawekwa juu ya magoti ndani ya mtumbwi hadi ng'ambo ya Kasuku, ambako ndiko kwenye maduka mengi na wanunuzi. Huko swali ni moja tu: linalia? Likilia, bei inajadiliwa kama ya kitu chochote kilichotumika, sawa na redio au cherehani. Nani alilichonga, kwa mti gani, mwaka gani, na nani alilipiga kabla yake, hayo hayaingii katika mazungumzo.

London, maswali hayo ndiyo bei yenyewe.

Tarehe 31 Januari 2024, nyumba ya mnada ya Christie's iliuza mkusanyo wa mwanamuziki Mark Knopfler, aliyekuwa kiongozi wa kundi la Dire Straits. Zaidi ya magitaa 120 yalipata jumla ya pauni milioni 8.8. Moja kati yao halikutoka kiwandani. Lilitengenezwa New York na fundi John Suhr katika duka la Rudy Pensa, kwa agizo la Knopfler mwenyewe, naye alilipiga katika uwanja wa Wembley tarehe 11 Juni 1988, kwenye tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado gerezani. Liliuzwa zaidi ya pauni 500,000. Mbao zake, nyaya zake na rangi yake, kama zingepimwa moja moja, zisingefika hata sehemu ndogo ya pesa hizo. Kilichonunuliwa ni historia yenye ushahidi: picha, video ya tamasha, jina la fundi, na mwenye mali anayesema kwa sahihi yake kwamba lilikuwa lake tangu siku ya kwanza.

Miaka mitano kabla, Juni 2019, David Gilmour wa Pink Floyd aliuza magitaa yake 126 katika mnada wa namna hiyo mjini New York. Yalipata dola zaidi ya milioni 21, na pesa hizo alizitoa kwa shirika la wanasheria wanaotetea mazingira.

Mtu anaweza kusema kwamba hizo ni bei za majina makubwa na hazimhusu mkaaji wa Alunguli. Ni kweli, lakini nusu tu. Chini ya mastaa kuna soko lingine ambalo halitajwi sana katika habari, la watu wa kawaida wenye magitaa matano au kumi ya mafundi wadogo, ambayo huuzwa moja moja pindi mwenyewe anapozeeka au anapopata shida ya pesa. Katika soko hilo, gitaa la umeme la fundi anayejulikana kuuzwa kati ya dola 3,000 na 10,000 si ajabu. Mnunuzi anaonyeshwa namba iliyoandikwa na fundi, aina ya mti wa mwili na wa shingo, barua ya fundi, risiti ya kwanza, na orodha ya vitu vilivyobadilishwa. Karatasi hizo zikikosekana, bei inashuka hata kama mlio ni uleule.

Hakuna jimbo la Kongo linaloweza kuelewa jambo hilo kuliko Maniema. Septemba 2010, serikali ya Kinshasa ilisimamisha uchimbaji wa madini kwa mkono katika Maniema na Kivu zote mbili, na amri hiyo haikuondolewa hadi Machi 2011. Mwaka huohuo wa 2010, Marekani ilipitisha sheria inayoyataka makampuni yake yaeleze kama madini yanayotumia yanatoka maeneo ya vita. Baadaye vikaja vitambulisho vya ITSCI vinavyofungwa kwenye magunia ya kasiteriti. Kila mchimbaji wa Kalima na kila negosia wa Kindu anajua sasa kwamba gunia lenye etiketi na gunia lisilo nayo si bidhaa moja, hata kama mawe yametoka shimo moja. Gitaa bila karatasi ni gunia bila etiketi.

Mfano huo si wa maneno tu. Ndani ya gitaa la umeme kuna mikro, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, na waya hizo zinaunganishwa kwa risasi ya kuchomelea ambayo ndani yake mna bati. Shaba ni mali ya Katanga, na bati ndilo linalopatikana katika kasiteriti ya Kalima. Mti nao mara nyingi ni wa bonde la Kongo: kampuni ya Warwick ya Ujerumani ilijenga jina lake kwa magitaa ya bezi yenye mwili wa bubinga na shingo ya wenge. Padouk, ambao unga wake mwekundu wazee wa misitu walijipaka katika sherehe, unapendwa na mafundi wa Marekani na Ulaya kwa rangi na kwa mlio. Vitu hivyo vinaondoka kwa tani au kwa meta za ujazo, halafu vinarudi vikiwa chombo cha muziki ambacho mtu wa Kindu hawezi kukinunua.

Kuna jambo moja katika sheria za kimataifa ambalo halijasemwa vya kutosha upande huu wa mto. Biashara ya miti iliyo hatarini inasimamiwa na mkataba wa CITES. Januari 2017, miti yote ya jamii ya palisandri pamoja na aina tatu za bubinga iliwekwa chini ya ulinzi huo, na wauzaji wa magitaa duniani kote walipata taabu kubwa: mtu aliyetaka kuuza gitaa lake la zamani nje ya mpaka alihitaji cheti kwa kipande kidogo cha mti kwenye shingo. Malalamiko yalikuwa mengi, na kuanzia Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa kwa miti hiyo viliondolewa katika sharti hilo. Kisha mkutano wa Panama, mwishoni mwa 2022, ukaorodhesha aina zote za padouk za Afrika pamoja na acajou ya Afrika. Safari hii kanuni iliandikwa kwa kutaja magogo, mbao zilizopasuliwa, plaiwudi na mbao zilizorandwa. Gitaa lililokamilika halimo.

Kwa maneno ya wazi: anayepeleka ubao wa padouk nje ya nchi anahitaji cheti cha CITES, anayepeleka gitaa la padouk hahitaji. Sheria ambayo wengi huiona kama kizuizi cha watu wa Ulaya imeacha mlango wazi kwa fundi, na imemfungia kidogo muuza mbao. Ni mara chache kanuni ya kimataifa inapendelea randa kuliko msumeno. Mafundi seremala wa Alunguli, ambao leo wanatengeneza vitanda na milango, hawajaambiwa hivyo na ofisi yoyote.

Hata hivyo mlango huo una mlinzi. Sheria ya Marekani inakataza kuingiza mti uliokatwa kinyume cha sheria za nchi ulikotoka, hata kama umekuwa gitaa. Kampuni ya Gibson, yenye jina kubwa kuliko karibu zote katika kazi hii, ilivamiwa na maofisa mwaka 2009 na tena 2011, na Agosti 2012 ilikubali kulipa dola 300,000 kwa sababu ya mpingo wa Madagaska. Kama kampuni ya ukubwa huo ilibanwa, mnunuzi wa kawaida wa Chicago hatathubutu kununua gitaa la Maniema bila kujua mti ulikatwa wapi na kwa kibali cha nani. Na hapo Kongo ina ugonjwa wake wa zamani: sehemu kubwa ya mbao zinazouzwa masokoni hupasuliwa na wakataji wadogo, wengi wao bila kibali. Fundi ananunua ubao kando ya mto, analipa franka zake, na hapewi karatasi.

Tatizo la pili ni la wanamuziki wenyewe, na ni la kina zaidi: gitaa ni la nani? Mkusanyo wa mtu binafsi hauwezi kuwapo kama mpigaji hamiliki chombo. Katika historia ya muziki wa Kongo, mara nyingi chombo kilikuwa cha bosi. Gitaa la umeme lilianza kusikika katika studio za Léopoldville baada ya Mbelgiji Bill Alexandre kufika mwaka 1953 kufanya kazi na nyumba ya kurekodi ya CEFA. Vyombo vilikuwa vya wenye studio, kisha vya wenye baa, kisha vya wakubwa wa orkestra. Katika miaka ya 1970 Verckys Kiamuangana aliziinua orkestra nyingi za vijana kwa kuwapa vyombo na studio. Wema huo ulizaa muziki mzuri sana, lakini kijana aliyegombana na patroni aliondoka na vidole vyake tu. Ndiyo maana magitaa ya wapigaji wakubwa wa nchi hii hayaonekani katika minada, wakati nyimbo zao zinajulikana dunia nzima. Franco mwenyewe alianza utotoni kwa gitaa alilojiundia, nyuzi zake zikiwa waya wa umeme ulioambuliwa ganda. Chombo hicho kingekuwapo leo, na ushahidi wake, kingegombaniwa.

Siku hizi nafasi ya patroni imechukuliwa kwa sehemu kubwa na kanisa. Kijana wa Alunguli anajifunza gitaa kwenye kwaya, anapiga chombo cha kanisa kila Jumapili, na kikiharibika kinatengenezwa na fundi ambaye jina lake haliandikwi popote. Unesco iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu wote Desemba 2021. Sherehe zilikuwa nyingi Kinshasa na Brazzaville. Lakini urithi huo umebaki katika sauti. Vyombo vilivyoutengeneza vinaendelea kuuzwa kama vyuma chakavu.

Si kwamba mikono haipo. Katika Lemba, Kinshasa, fundi anayejulikana kwa jina la Socklo amechonga magitaa kwa miongo mingi, na wageni wanapanda teksi kumtafuta. Kundi la Konono No 1 lilijitengenezea mikro kwa sumaku za magari mabovu, na mlio huo uliosemwa kuwa wa makosa ndio uliolipeleka Ulaya na Marekani. Socklo anapata wanunuzi wa mbali kwa sababu ana jina, na kila gitaa lake linajulikana kuwa lake. Fundi wa Kindu mwenye ustadi uleule hana jina nje ya mtaa wake, kwa hiyo anauza kwa bei ya mtaa.

Maniema imekwisha kuona hasara hii katika kitu kingine. Sanamu na vinyago vya Balega wa Pangi, vilivyochongwa kwa ajili ya Bwami, vilitoka kwa wingi hasa baada ya Wabelgiji kuipiga marufuku Bwami mwaka 1948. Leo katika minada ya Paris na Brussels thamani ya kinyago inategemea sana jina la Mzungu aliyekimiliki na mwaka alioondoka nacho. Jina la mchongaji kwa kawaida halimo. Waliokosa kuandika ndio waliokosa kulipwa.

Wakati nao si mzuri. Tangu M23 iiteke Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu wiki chache baadaye, njia ambazo Kindu ilitumia kupata bidhaa na kupeleka mizigo mashariki zimevurugika. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na benki za huko zilifunga milango. Familia zinauza vitu vya nyumbani, na gitaa ni kati ya vitu vya kwanza kutoka, kwa kuwa halipikwi na halivaliwi. Anayenunua wakati wa shida ndiye anayepanga bei.

Kinachowezekana sasa, bila kungoja mradi wala mfadhili, ni kidogo lakini kinashikika. Fundi anaweza kuchoma jina lake, mwaka na namba ndani ya mwili wa gitaa kabla ya kulifunga. Anaweza kumdai muuza mbao karatasi yenye jina la kijiji na namba ya kibali, na kukataa ubao usio nayo, jambo ambalo litamgharimu mwanzoni. Mpigaji anaweza kutunza picha zake akiwa jukwaani na chombo hicho, na ujumbe wa simu unaoonyesha alilipa kiasi gani na lini. Kanisa linalomwachia mpigaji gitaa la zamani kama shukrani linaweza kuandika hivyo, kwa sahihi ya mchungaji na muhuri.

Kinachobaki ni kazi ya serikali ya jimbo. Huduma ya mazingira inatoa karatasi za mbao, huduma ya utamaduni inashughulika na wanamuziki, na forodha inatazama mizigo inayotoka. Hadi ofisi hizo tatu zikubaliane juu ya karatasi moja ya chombo cha muziki kilichotengenezwa Maniema, gitaa la padouk litakalofika uwanja wa ndege wa Kindu litapimwa kwa macho ya ofisa wa siku hiyo, ambaye anaweza kuliita gitaa au kuliita mbao.