Hoja Wanazo, Kura Je?
Bunge la Vijana la Ulaya, lililoanzia Fontainebleau, Ufaransa, mwaka 1987, huwakutanisha vijana wa nchi mbalimbali, na kuwagawa katika kamati: hawa hujadili wahamiaji, wale nishati, wengine tabianchi. Kila kamati hubishana mpaka ikubaliane juu ya azimio moja, kisha hulipeleka mkutano mkuu, ambako wenzao hulijadili na kulipigia kura. Ni shule nzuri mno, kwani kijana hujifunza kumsikiliza anayempinga. Tatizo ni kwamba azimio hilo halimbani waziri yeyote. Ndiyo maana uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Juni 2024 ulikuwa na uzito wa pekee: Ujerumani na Ubelgiji kwa mara ya kwanza ziliwaruhusu wenye miaka 16 kupiga kura hiyo, kama Austria na Malta zilivyokwisha kufanya. Ugiriki ilianzia miaka 17. Kwingineko, kwa jumla, bado ni 18, na hilo si haki. Umoja wa Ulaya umejiwekea 2050 kuwa mwaka wa kutotoa tena gesijoto nyingi kuliko zinazoondolewa angani, na aliyekuwa na miaka 16 katika uchaguzi wa 2024 atakuwa na 42 mwaka huo, akilipa kodi na kulea watoto.