Nyumba ya Majirani Si ya Chai Tu

Wako wasemao kwamba nyumba ya majirani ni ya chai na michezo, na ya kuwa taka za mtaani ni kazi ya serikali peke yake. Sisi twayakataa maneno hayo. Na waitazame Hull House ya Chicago, katika nchi ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr kati ya maskini waliohamia huko kutoka Ulaya. Humo watoto walifunzwa, watu wazima wakasoma jioni, na michezo haikukosekana. Lakini nje taka zilijaa vichochoroni, na vifo vilikuwa vingi. Bibi Addams hakukaa kulalamika. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kukagua uzoaji wa taka, akawa akiamka alfajiri kuyafuata magari ya farasi mpaka jalalani. Je, alijishushia heshima? Na waseme wenye kucheka.

Twajua watakavyojibu: chama cha nyumba hiyo kilifungwa mwaka 2012. Ni kweli. Ila hao watuambiao tuiachie serikali yote wamechagua mfano mbaya, maana chama hicho kilikuwa kimetegemea mno fedha za serikali. Zilipopungua kikalemewa na madeni, na wafanyakazi wake wakarudi makwao.