Barua Kutoka Elwak: Chupa ya Achari

Elwak ni mji ambao jina lake hufasiriwa kuwa "visima vya Mungu".

Mtu wa Pwani aletwapo kazini katika nchi hii kavu, hujiandaa kwa jua, vumbi na uhaba wa maji. Mimi sikujua kwamba adui wangu wa kwanza angekuwa ulimi wangu mwenyewe. Mwezi wa kwanza sikuiota bahari. Niliota achari ya maembe na pilipili ya kusaga yenye ndimu. Nikaandika nyumbani. Chupa ikatoka Mombasa kwa basi, ikapitia Garissa na Wajir, ikafika imezongwa khanga kuukuu, mafuta yamevuja kidogo. Niliipokea kama mtu apokeaye mshahara.

Jirani yangu, mzee mfuga ngamia, aliponialika chakula, niliitia chupa mfukoni mwa koti. Sinia likaletwa: wali, nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu kando. Kabla sijatia tonge kinywani, nikamwaga achari upande wangu. Mzee akatazama, akasema kwa upole, "Karani, hujaonja bado." Mkewe alikuwa mlangoni na kibakuli mkononi, akageuka, akarudi nacho jikoni.

Usiku ule sikulala vema. Nilijitetea kwa methali isemayo mwacha mila ni mtumwa, lakini moyo haukukubali. Siku ya tatu nilikwenda kuomba radhi, nimechukua sukari na majani ya chai, chupa nimeiacha nyumbani. Kibakuli kile kikaletwa tena. Ndani yake mlikuwa na basbaas, yaani pilipili mbichi zilizopondwa pamoja na kitunguu saumu, kotmiri na ndimu. Nilitokwa machozi, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikauliza viungo vya wali. Karafuu wao huiita qaranfuul, na sisi na wao tulilipokea jina hilo kwa Waarabu.

Tena nikakumbuka masomo ya shule. Pilipili kali asili yake ni bara la Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, hapana bibi wa Pwani aliyepata kuionja. Wareno ndio walioieneza pande za Bahari ya Hindi. Embe asili yake ni upande wa Bara Hindi, na neno achari lenyewe ni la Kiajemi. Kama bibi zetu wangalikataa kuonja vya wageni, mimi ningalitamani nini leo?

Simwambii mtumishi wa Serikali asahau chakula cha kwao. Namwambia aonje kwanza. Watu huja mezani petu na shida zao: mifugo iliyokufa, vyeti vilivyopotea, watoto wasio na karo. Nani atamfungulia moyo karani aliyekidharau chungu chake?

Juma lililopita niliandika tena nyumbani, nikaomba chupa mbili. Moja ni ya mke wa mzee. Alionja kidogo kwa ncha ya kidole, akafikiri, akasema kwamba kwa wali haifai, bali kwa nyama ya ngamia huenda ikafaa.