FEDHA NA ZIMFUATE MGONJWA

Hospitali haiendeshwi kwa huruma peke yake. Mganga ataka dawa, na dawa yataka fedha. Basi yatupasa sisi watu wa Singida tuulize: fedha hizo hugawanywa kwa kipimo gani?

Tangu mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kuchangisha wagonjwa. Lakini sera yasema mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee asiye na uwezo wasitozwe. Sera hiyo ni ya haki, nasi twaiunga mkono kwa moyo wote. Ila tuitazame hesabu yake. Mtumishi mwenye kadi ya Bima ya Taifa akitibiwa, hospitali huandika madai ikalipwa. Mama wa Mkalama akipasuliwa apate kujifungua, hutumika uzi, damu, dawa na usiku mzima wa mganga. Naye hana kadi ya kudaiwa. Hivyo hospitali yenye wenye kadi wengi hupata, na yenye akina mama na watoto wengi hupungukiwa. Mwisho wake mama huambiwa akanunue dawa dukani. Je, hiyo ndiyo bure?

Hatusemi hakuna lililofanyika. Katika mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilianza kutuma fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya kutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti za zahanati na vituo vya afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Hizo ni hatua njema. Lakini mfuko mtupu haumtibu mtu.

Sisi twasema hivi: kila mgonjwa wa bure aandikwe, na ugonjwa wake uandikwe, kisha serikali iilipe hospitali kwa kazi hiyo kama inavyolipwa kwa mwenye kadi. Na umbali uhesabiwe, kwani kumfikisha mgonjwa kutoka vijiji vya Itigi si sawa na kumtoa mtaa wa pili mjini.

Tena tuwe macho. Marekani ilipoanza mwaka 1983 kuzilipa hospitali bei moja kwa kila aina ya ugonjwa wa wazee, hospitali zilianza kuwaruhusu wagonjwa mapema. Palipo na malipo kwa idadi, pana kishawishi cha kuongeza idadi na kupunguza kazi.

Kwa hiyo ulinzi ni wetu. Kila zahanati ina kamati yenye wajumbe wa wananchi. Wanachama, ingieni humo. Ulizeni katika mkutano wa kijiji: wametibiwa wangapi, zimeingia shilingi ngapi, zimenunua nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa kinachopotea si mali tu, ni roho za watu.